Mshenga wa Rangi Nyeusi

Ti, ti, ti.

Hivyo ndivyo kilivyolia kijiko cha Ticha kwenye mdomo wa chupa, kila asubuhi kabla ya kazi kuanza. Alichota mrututu, ile chumvi ya shaba yenye bluu kali ambayo watu wengine huipaka kwenye vidonda, akakiinua kijiko mpaka usawa wa jicho, kisha akakigonga polepole ili kilichozidi kirudi ndani. Mlio mdogo tu, kama kifaranga anadonoa bati. Lakini ulipolia sisi wote tulinyamaza, hata Mama Mwenyekiti wetu, ambaye kanisani alikuwa hanyamazi wakati wa sala.

Nikisema Ticha nasema mwanamke. Mwembamba, mrefu, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa amefundisha kemia kwenye shule ya wasichana mpaka akastaafu, na kwa haki tungemwita Mwalimu. Lakini kwetu Mara neno hilo lilikuwa tayari na mwenyewe, na mwenyewe alitoka Butiama, nchi nzima inajua. Mama Mwenyekiti akaona si adabu kulitumia jina hilo kwa mtu anayechovya vitambaa kwenye pipa. Ndiyo tukamwita Ticha, na yeye akaitika bila neno.

Alitukuta Nyasho, hapo Musoma mjini, kwenye ghala kuukuu ambalo ushirika wetu wa akina mama uliazimwa ili tujitegemee kwa kutia nguo rangi. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, nikabaki nyumbani na ndoto zangu. Niliota kuwa rubani, ingawa ndege nilikuwa nimeiona tumbo tu, ikipita juu ya ziwa. Siku ya kwanza Ticha alinikuta nimesimama na fimbo ya kukorogea, macho yako angani, nguo inaelea peke yake kwenye pipa.

"Wewe," alisema, "umefika wapi?"

"Nairobi, Ticha."

"Rudi. Nguo yako bado iko Musoma."

Toka siku hiyo akaniita Ndoto. "Ndoto, shuka!" ndiyo ilikuwa salamu yangu, na mpaka leo mtu akiniita kwa jina langu la ubatizo nageuka kutafuta ni nani huyo anayeitwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kitambaa cheupe cha pamba kiliingia kwenye pipa lenye dawa ya rangi na chumvi nyeupe, kikatoka cheupe vilevile, kama hakijui kilichokipata. Tukakining'iniza kwenye kichumba cha nyuma kilichojaa mvuke wa masufuria. Humo kilianza kugeuka taratibu: kwanza rangi ya uji, halafu kijani cha majani ya kunde, halafu kijani cha giza. Ukikifua na sabuni, kinatoka cheusi. Na si cheusi cha masizi. Cheusi cha kweli, kisichotoka kwa jua wala jasho. Mimi kila mara nilipiga makofi, na kila mara Ticha aliniambia niache, kwani huo si uchawi. Lakini yeye mwenyewe nilimwona anachungulia kwenye ufa wa mlango kabla ya wakati.

Sasa dawa zilikuwa nyingi, ila mrututu ulikuwa kidogo kabisa. Pipa zima, kijiko kile. Jambo hilo lilimsumbua Mama Mwenyekiti tangu mwanzo.

"Ticha, hii kitu ya bluu ndiyo inageukaga nyeusi?"

"Hapana."

"Sasa inafanyaga nini?"

"Inaharakisha. Kazi ingefanyika hata bila yenyewe, ila mngengoja mpaka wajukuu wazeeke."

"Halafu ikishaharakisha inaenda wapi?"

"Haiendi popote. Inabaki kama ilivyokuja. Kitaalamu tunaiita katalisti."

Tulimtazama kama ng'ombe wanavyotazama treni. Ticha akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni. Hiyo ilikuwa dalili kwamba ameamua kushuka tulipo.

"Nyinyi huku mkioa mnatumia mshenga, siyo?"

"Bila mshenga ni wizi huo," alisema Mama Mwenyekiti.

"Mshenga anaolewa?"

"Aolewe na nani, Ticha! Kazee kenyewe kana meno mawili."

"Basi. Dawa ya rangi ndiye bibi harusi. Ile chumvi nyeupe yenye hewa ndani yake ndiye bwana. Wako kwenye pipa moja lakini wanaoneana haya. Mrututu anakwenda kwa huyu, anarudi kwa yule, anapeleka maneno, analeta maneno, mpaka wanakubaliana. Wakishaoana anachukua fimbo yake anaelekea nyumba nyingine."

Tulicheka, tukaelewa, na ninaamini hakuna darasa lolote la sekondari lililoelewa vizuri kuliko sisi. Mama Mwenyekiti peke yake hakuridhika. Alilitazama pipa, akasema, "Mshenga gani huyo asiyekula kuku?"

Ticha alikuwa na misemo yake. Hakuitoa vitabuni, au kama aliitoa basi ni vitabu ambavyo mimi sijavisoma. "Usiulize ngapi, uliza kwa nini," huo ndio aliupenda kuliko yote. Mwingine: "Rangi ya haraka, nguo ya jana." Na mtu akilalamika kazi ni ngumu alisema, "Kemia haijui kama umelala na njaa." Maneno makavu, lakini akishayasema alikuwa anatoa muhogo wa kuchemsha kwenye mkoba wake anakupeleka nje ya mlango ukale, maana ndani ya ghala kula kulikatazwa kabisa. Madirisha wazi, mikono ndani ya mifuko ya mpira, mdomo mtupu. Aliyekutwa anatafuna alifukuzwa mpaka kesho yake. Mama Mwenyekiti alifukuzwa kwa ajili ya karanga moja. Moja! Mpaka leo anaisimulia hiyo karanga kama ng'ombe aliyenyang'anywa.

Na ng'ombe, hapo sasa. Ticha aliwaogopa ng'ombe. Kuishi Mara ukiwaogopa ng'ombe ni kama kuishi baharini ukiogopa maji. Wafugaji walikuwa wanakuja ghalani kuomba mrututu, kwa sababu ukiuyeyusha kwenye maji na kumpitisha ng'ombe mwenye kwato mbovu anapona. Ticha hakuwanyima. Lakini mazungumzo yote aliyafanyia dirishani, mlango umefungwa kwa komeo.

"Ng'ombe abaki barabarani!"

"Ticha, huyu ni ndama."

"Ndama ni ng'ombe ambaye bado hana adabu. Barabarani!"

Na huyu huyu ndiye aliyekuja kuzeekea Butiama, ambako hata ukifungua dirisha bila kuangalia vizuri unaweza kusalimiana na pembe.

Halafu mambo yake hayakulingana, hilo ndilo lilinifanya nimpende. Mtu aliyekuwa anagonga kijiko chake mpaka punje ya mwisho, nyumbani kwake alipika kwa ngumi. Chumvi ngumi moja, pilipili ngumi moja. Ukila furu wake, wale samaki wadogo wa ziwani, na ugali wa udaga, ule wa muhogo uliovundikwa, ulikuwa unatafuta maji kama mtu aliyetoka jangwani. Nilipomuuliza kwa nini hapimi, alishangaa. "Jikoni hakuna mtihani, Ndoto."

Na kubwa kuliko hilo: kila mkutano alisimama akasema elimu si mali ya mtu mmoja, elimu ni kama kisima, kila mtu na ndoo yake. Tukapiga makofi. Halafu tukitoka mkutanoni, chupa ya mrututu inafungiwa kabatini na ufunguo unarudi shingoni kwa Ticha, umening'inia pamoja na rozari. Kukoroga alitufundisha, kuning'iniza alitufundisha, mvuke tuliujua kuliko mapafu yetu. Kijiko hakuna aliyekigusa. Wanawake walianza kunong'ona.

"Hii ni ujamaa au ni duka la Ticha?" mmoja alisema kisimani.

"Akifa leo na sisi tumekufa," akajibu mwingine.

Hilo la pili lilikuwa kweli, na wote tulilijua. Kwa sababu ghala halikuwa letu. Ndugu Katibu, aliyesimamia majengo ya pale, alikuwa ametuambia wazi tangu mwanzo: kama hatupati shule ya kununua nguo zetu kwa uhakika, ghala linarudi kuwekewa pamba inayotoka Bunda, na sisi turudi kwenye majembe na kuanika dagaa. Hakuwa mtu mbaya, Ndugu Katibu. Alikuwa mtu wa pamba tu. Kila alipotutembelea alipima kuta kwa macho, na sisi tuliona kabisa anapanga marobota kichwani.

Basi ndipo Ticha alipopata habari kwamba mkuu wa shule moja ya wasichana anatafuta sketi nyeusi za wanafunzi wake. Akavaa viatu vyake vya kufundishia, akaenda mtaa wa Mukendo kumwona. Kwa kuwa kazi haikuweza kusimama, alivua ufunguo shingoni, mara ya kwanza tangu tumjue, akampa Mama Mwenyekiti.

"Kijiko kimoja," alisema. "Gonga."

"Nimekuona unagongaga, Ticha. Nenda na Mungu."

Sasa nisimulie kilichotokea, na mtu wa kutoka kwingine asituone wajinga. Kwetu, watu wakialikana kulima shamba la mtu, chakula hupikwa kwenye chungu kimoja, na kila mwanamke aliyefika lazima atie kitu kwa mkono wake mwenyewe. Hata chumvi, hata jani la mboga. Asiyetia mkono, chakula kikiharibika, yeye ndiye atakayesemwa. Na chakula kikiwa kitamu hana la kujivunia. Ndivyo tulivyolelewa. Mama Mwenyekiti alifungua kabati, akaishika ile chupa ya bluu mbele yetu, akatuona sote tumesimama tunaitazama.

"Ndugu zangu," alisema, na alikuwa ametokwa machozi kidogo, "kijiko hiki kishikwe na mimi peke yangu, nyinyi mikono mmepewa ya nini?"

Tukafanya mkutano palepale, tumesimama. Hakuna aliyepinga. Kila mmoja atie kijiko chake, iwe haki, iwe kazi ya wote. Wakapanga mstari kama wanaokwenda kupokea komunyo. Kila mmoja alichota, akagonga vizuri kabisa, ti, ti, ti, akamimina. Mimi nilikuwa nimetoka nje kuchota maji. Niliporudi nikasimama mwisho wa mstari, na zamu yangu ilipofika chupa ilikuwa tupu. Nilinuna jamani! Nilisema nimeonewa kwa sababu mimi ni mdogo. Mama Mwenyekiti akanisuuzia kijiko kwenye pipa nikae kimya.

Na pipa likachemka rangi. Kabla nguo hazijaingia maji yalikuwa yameshaanza kugeuka kijani yenyewe, na mchana vitambaa vilitoka kichumbani vyeusi tii, upesi kuliko siku zote. Tulipiga vigelegele. Ticha aliporudi alitukuta tunacheza.

Siku zote alikuwa na kawaida ya kuchukua kona ya kitambaa akaivuta kwa nguvu kabla hajasema neno. Siku ile hakuvuta. Alikuwa amefurahi mno. Mkuu wa shule amekubali kuja kutazama, na Ndugu Katibu naye atakuja. Akazitazama nguo zilizokuwa kwenye kamba, akasema tu, "Mmeweza," akamkumbatia Mama Mwenyekiti. Nadhani ndiyo mara yake moja maishani kuamini macho bila kuuliza mikono.

Tukashona sketi. Siku ya wageni wasichana wa kwaya ya shule ile walizivaa, wakajipanga ghalani, wakaimba wimbo wa kujitegemea. Ubeti wa kwanza walisimama. Ubeti wa pili walichezesha mabega. Ubeti wa tatu, jamani, ubeti wa tatu ulikuwa wa kupiga magoti wakionyesha kulima.

Praaa.

Halafu nyingine, praa, halafu zote, kama mahindi kwenye kikaango. Sketi zilipasuka magotini, zikapasuka kiunoni, vipande vikaanguka chini kama majivu ya karatasi. Bahati wasichana wa shule ile walivaaga kaptura za michezo ndani. Waliendelea kuimba, Mungu awabariki, wakiwa wameshika matambaa kwa mikono miwili. Ndugu Katibu alitazama dari. Mama Mwenyekiti alimtazama Ndugu Katibu. Mkuu wa shule alichukua kipande kimoja kutoka sakafuni, akakivunja kwa vidole viwili.

"Nguo zenu," alisema, "zinajua kucheza kuliko wasichana wangu."

"Pamba itakaa vizuri kwenye hili jengo," Ndugu Katibu akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotuumiza.

Ticha alisogea mbele. Sikuwahi kumwona akiomba. "Pamba haijaanza kuingia," alisema. "Mtupe mpaka robota la kwanza lifike. Kama siku hiyo hatuna nguo, funguo nitakuletea mimi mwenyewe."

Ndugu Katibu akamtazama mkuu wa shule. Mkuu wa shule akatazama kile kipande cheusi mkononi mwake. "Weusi wenyewe ni mzuri," alisema. "Nitarudi mara moja. Moja tu."

Walipoondoka tulikaa sakafuni. Tulitegemea atulipukie. Badala yake alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu sana.

"Nani alitia mrututu?"

"Sisi," alisema Mama Mwenyekiti.

"Sisi nani?"

"Ujamaa, Ticha."

Nilimwona Ticha anauma mdomo, na mwanzo nilidhani ni hasira. Kumbe anazuia kicheko.

"Posa yenye washenga mtaa mzima mmeiona wapi?"

"Mimi nimeiona," Mama Mwenyekiti alijibu. Alikuwa na jibu daima, hata msibani. "Ya binti wa kaka yangu, kule Bunda. Kila ndugu alitakaga kuwa mshenga. Huyu anaongeza ng'ombe, yule anaongeza mbuzi, wanakimbizana, wanapeana matusi. Kijana akaona hapana, akakimbilia Mwanza."

"Basi na nguo yetu imekimbilia Mwanza," Ticha akasema. "Harusi imefanyika kwenye pipa, kabla bibi hajafika nyumbani, ndani ya kitambaa. Na fujo iliyobaki ndiyo imeila pamba."

Tulicheka mpaka tukalia, wengine tukalia kweli. Halafu akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu mzima, tena aliyesoma. Alisema, "Niliwaambia kidogo. Sikuwaambia kwa nini kidogo. Mtu akinyimwa sababu hujitengenezea yake, na ya kwenu ilikuwa nzuri." Akavua uzi wa ufunguo shingoni, akaufungua, akautoa ufunguo, akabaki na rozari peke yake. Kabati halikufungwa tena.

Kesho yake alileta chupa mpya ya mrututu na mkasi. Akakata kitambaa vipande vidogo, akampa kila mwanamke kipande chake na kopo lake la dawa. "Mnataka kila mtu atie mkono? Haya. Kila mtu atie anavyotaka. Lakini kila mtu kwenye kopo lake." Siku hiyo ilikuwa kama sikukuu. Wengine walitia punje, wengine kijiko, Mama Mwenyekiti kwa ubishi wake alitia ngumi. Mimi nilitia kiasi ambacho niliota kinafaa, ndivyo nilivyomwambia Ticha, na yeye akaguna. Tukavianika vyote kwenye kamba kama bendera. Jioni tukafua, tukapita tukivuta kimoja kimoja. Vya waliotia kidogo mno vilikuwa na ukijani wa chura. Cha Mama Mwenyekiti kilikatika kabla hajakivuta vizuri, kama chapati.

"Sasa nimeelewa," alisema akiwa ameshika nusu mbili. "Kumbe mshenga akizidi anaolewaga yeye."

Mkuu wa shule alirudi. Safari hii hakutaka kwaya. Alikaa kwenye kigoda, akachukua sketi moja baada ya nyingine, akaweka mguu upande mmoja akavuta upande mwingine kwa mikono yote miwili, mama mzima na mkufu wake, mpaka jasho likamtoka. Hakuna iliyopasuka. Ndugu Katibu alipima kuta kwa macho mara ya mwisho, akapeleka marobota yake kwingine.

Baada ya hapo ungedhani Ticha angekaa afurahie. Akaondoka. Asubuhi moja hakuja, tukasikia amehamia Butiama kwa mpwa wake. Tulinuna sana. Wengine walisema ni kifua, kweli alikuwa anakohoa. Mama Mwenyekiti alimfuata kumuuliza, na alichorudi nacho ni hiki: "Nikikaa mtaendelea kuniuliza." Basi. Hakuna kuaga, hakuna soda, hakuna hotuba. Mimi peke yangu nilibaki nasubiri kuambiwa nishuke, na kwa kuwa hakuna aliyeniambia, nilijifunza kushuka mwenyewe.

Nilimwona tena baada ya miaka kadhaa. Safari hiyo haikuwa ya salamu. Tulipata kazi mpya, kaptura za shule ya wavulana, na kitambaa kilikuwa drili, kizito kama gunia. Ghalani tuligombana. Wengi walisema kitambaa kinene kinataka mrututu zaidi, hiyo si akili ya kawaida? Wengine waliogopa, tulikumbuka praaa. Mwishowe Mama Mwenyekiti akaniambia, "Ndoto, wewe alikupendaga. Nenda kamuulize ngapi." Tena akasisitiza: tukiiharibu drili ya watu hakuna shule itakayotuamini tena, na ghala tutaliaga.

Nilimkuta uani, amekaa kwenye mkeka anachagua mawe kwenye mtama. Miwani ilikuwa nene zaidi. Nilipiga magoti kumsalimu.

"Shikamoo, Ticha."

"Marahaba. Nani?"

"Ndoto."

Aliinua uso, na nikaona haniangalii mimi, anaangalia pembeni yangu kidogo. "Umefika wapi siku hizi?"

"Butiama, Ticha."

"Ah. Umeanza kusafiri karibu."

Mpwa wake alituletea uji wa ulezi, tukanywa, tukacheka habari za karanga ya Mama Mwenyekiti. Halafu nikamweleza drili. Nikakitoa kipande kwenye mkoba nikampa. Alikipapasa kwa vidole, akakipima uzito kiganjani, akakinusa.

"Tunaomba utuambie ngapi, Ticha."

Kuku walipita. Alirudisha mkono kwenye mtama, akachagua jiwe, akalitupa.

"Nimesahau," alisema.

Sikuamini. Nikamtajia pipa, nikamtajia kijiko, nikamkumbusha siku ya vipande kwenye kamba. Alitikisa kichwa kila mara, kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezwa chakula. "Ngapi zimetoka zote, mwanangu. Zinatokaga zenyewe. Juzi nimesahau mwaka niliozaliwa, na sijaona hasara."

Niliona ghala, niliona marobota. Nikaanza kukunja kipande changu ili asione uso wangu, ingawa huenda asingeuona.

"Kwani wanasemaje wenzako?" aliuliza.

"Wanasema kitambaa kimenenepa, mrututu uongezwe."

Ticha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpwa wake akachungulia mlangoni. "Wee Ndoto! Mshenga anaongezwa kwa sababu bibi harusi ni mnene?"

Halafu akaendelea na mtama wake, akaanza kuniuliza bei ya sato Musoma, na kila nilipojaribu kumrudisha alinipeleka kwingine. Mpaka naondoka sikujua kama amesahau kweli au amekataa kusudi. Garini nililitafakari hilo, kisha nikaliacha. Kama amesahau nilimwonea huruma, kama amekataa nilimwonea fahari, na vyote viwili vilinikaa kifuani bila kugombana.

Wenzangu walinisubiri ghalani. "Amesema ngapi?"

"Hakusema ngapi."

Mama Mwenyekiti alikaa chini. Wengine walianza kusema basi drili irudishwe kwa wenyewe kabla aibu haijaja. Walikubaliana waje kesho kuifunga. Wakaenda nyumbani, na mimi nikabaki, nikasema nataka kufagia.

Sikufagia. Nilikata kona ya ile drili. Niliandaa kopo moja, na mrututu nilitia kulingana na dawa iliyomo, bila kuangalia unene wa kitambaa. Mkono ulitaka kuongeza, niliusikia kabisa unataka, kama mtu anayenivuta kiwiko. Nikaurudisha. Nikakining'iniza kichumbani, nikabandika masufuria, nikaketi mpaka mvuke ukajaa, na jua lilipozama nikafunga mlango nikaenda kulala, na usingizi sikuupata vizuri.

Asubuhi nilifika kabla ya wote. Kipande kilikuwa kijani cha giza. Nikakifua. Kikatoka cheusi kama kope. Nikakanyaga upande mmoja, nikavuta upande wa pili kwa nguvu zangu zote mpaka nikaanguka kwa matako, na kitambaa bado kizima mikononi mwangu.

Nilicheka peke yangu pale sakafuni. Kisha nikainuka, nikachukua ndoo, nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka nikajaza maji mapipa yote.